Matembezi ya Minde, Marangu: Tathmini ya Huduma ya Kuujua Msitu wa Kilimanjaro

Kikundi kidogo cha waongozaji wa Marangu, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiwapandisha wageni kileleni, sasa kinauza huduma ya namna nyingine kwa sisi wakazi wa Moshi na Arusha. Ni matembezi ya siku mbili ambayo hayaendi kileleni kabisa. Yanaanzia lango la Marangu, lililo karibu mita 1,870 juu ya usawa wa bahari, yanapanda ndani ya msitu hadi vibanda vya Mandara kwenye mita 2,700 hivi, yanafika Kasoko ya Maundi asubuhi ya siku ya pili, kisha yanashuka na kumalizikia katika vijiji vinavyopakana na hifadhi. Waongozaji huyaita tu matembezi ya minde, kwa jina la swala adimu wa milimani anayeishi katika msitu huo, na lengo wanalolitangaza ni kumfundisha mteja mahali anapoishi mnyama huyo, sababu za uadimu wake na kinachofanyika ili asitoweke. Nilikwenda pamoja na walimu wenzangu kutoka Arusha, tukitaka kujua kama huduma hii inawafaa wanafunzi wetu wa sekondari. Naiona inawafaa sana, ingawa tangazo lake halina budi kuandikwa upya na hesabu zake kuwekwa wazi.

Ni vema msomaji amjue kwanza mnyama mwenyewe, maana bila hivyo hataweza kupima anachouziwa. Minde ni wa Tanzania peke yake. Hakuna nchi nyingine duniani anakoishi porini, hata Kenya ambayo mpaka wake unapita kando ya mlima huu. Sayansi ilimfahamu kupitia Kilimanjaro hii hii. William Louis Abbott, daktari wa Kimarekani aliyeacha utabibu akawa mkusanyaji wa viumbe, alikuwa katika mlima huu mwishoni mwa miaka ya 1880, na kutokana na alichokusanya, mwanasayansi mwenzake Frederick True alimwelezea mnyama huyu kwa mara ya kwanza mwaka 1890 na kumpa jina la Cephalophus spadix. Ni ndugu wa funo, lakini ni mkubwa zaidi yake kwa mbali: uzito wake hufikia kilo 50 hadi 60, kimo cha begani kinakaribia sentimeta 70, manyoya yake ni ya kahawia iliyokoza hadi kukaribia weusi, yenye kung'aa, na katikati ya pembe zake fupi zilizonyooka hubeba kishungi cha nywele nyekundu. Mgongo wake umeinuka nyuma na kichwa chake hukaa chini, umbo linalomwezesha kupenya vichaka vilivyoshonana bila kunaswa.

Hutembea zaidi usiku, na wakati wa mchana hujificha katika vichaka vizito, ndiyo maana hata watu waliozaliwa kando ya msitu wanaweza kuzeeka bila kumwona. Hula majani, machipukizi, maua na matunda yaliyoanguka, na amewahi kushuhudiwa akiwa na chura mdomoni. Picha ya kwanza ya minde akiwa hai porini ilipigwa mwaka 2003 katika milima ya Udzungwa, kwa kamera iliyotegwa njiani ikajipiga yenyewe alipopita. Kati ya maelezo ya mwaka 1890 na picha hiyo ilipita miaka 113. Katika Orodha Nyekundu ya Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile amewekwa katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka, na makadirio ya wataalamu kuhusu idadi yake katika nchi nzima ni ya elfu moja au mbili tu na ushei. Mnyama wa namna hii hawezi kuahidiwa kwa mteja kama anavyoahidiwa twiga wa Tarangire, na hapo ndipo tathmini yangu inapoanzia.

Tangazo la kikundi, lile karatasi la rangi linalogawiwa stendi ya Moshi na kusambazwa kwa simu, lina picha ya mnyama mwenye pembe ndefu zenye matawi, amesimama juu ya mwamba wenye theluji, na chini yake yameandikwa maneno yanayomwita mteja aje amwone minde. Mnyama wa pichani si minde. Ni wa jamii ya ayala, na ayala hawana asili katika ardhi ya Tanzania. Barani Afrika kote wapo wa aina moja tu wenye asili ya hapa, nao wanaishi mbali kabisa na sisi, katika misitu ya mpakani mwa Algeria na Tunisia. Tofauti yao na swala wetu haihitaji mtaalamu: pembe za ayala ni mfupa unaochipuka, kutoa matawi na kudondoka kila mwaka, na kwa kawaida madume peke yao ndio huwa nazo; pembe za minde hazina tawi, hazidondoki, na hubebwa na dume na jike pia. Mtu anayekwenda msituni akiwa na picha hiyo kichwani hatamtambua minde hata akimpita mbele ya miguu yake.

Nimelikazia jambo hili kwa sababu picha ndiyo elimu ya kwanza anayoipata mteja. Chile imemweka huemul, ayala adimu wa milima ya Andes, katika nembo yake ya taifa pamoja na tai wa milima hiyo, hivyo sura ya mnyama huyo ipo kwenye nyaraka na sarafu za nchi hiyo. Minde wetu hana nafasi ya aina hiyo popote. Kikundi kinachomtangaza mkoani Kilimanjaro huenda ndicho pekee ambacho kijana wa Moshi atakutana nacho kikilitaja jina lake, na kwa hiyo kina wajibu wa kuonyesha uso wake halisi. Niliwaeleza haya waongozaji, nao walikiri kwamba picha ilichukuliwa mtandaoni na mtu aliyewatengenezea tangazo.

Baada ya tangazo hilo, nilitarajia kukutana na mwongozaji wa kubahatisha. Tuliyempata alikuwa kinyume chake. Ni kijana wa makamo, mzaliwa wa Marangu, aliyekuwa mgumu kabla ya kupata leseni ya uongozaji, maana ndivyo wapagazi wa mlimani wanavyojiita, na anaujua msitu kwa kutembea ndani yake akiwa na mzigo kichwani. Langoni, kabla hatujapiga hatua, alitukusanya akasema jambo ambalo kwa maoni yangu lilistahili kuchapishwa kwenye lile tangazo: "Walimu wangu, minde hatutamwona. Nikiwaambia tutamwona nitakuwa mwongo. Nitawaonyesha anakolala, anachokula, na kinachomuua. Mkiridhika na hayo, twendeni." Mwenzetu mmoja alinuna kidogo, kwa kuwa alikuwa ameamini karatasi. Wengine tuliridhika.

Njia ya kutoka langoni hadi Mandara ina urefu wa kilomita nane hivi, na kundi linalokwenda kileleni huimaliza kwa saa tatu au nne. Sisi tulitumia siku nzima, na huo ndio ubora mkubwa wa huduma hii. Mteremko wa kusini ndio unaopata mvua nyingi kuliko pande nyingine za Kilimanjaro, na mvua hiyo huwa nyingi zaidi katikati ya ukanda wa msitu, kuliko chini mashambani au juu kwenye nyika. Mwongozaji alitusimamisha mahali ambapo mtu anaweza kuona kwa macho jinsi unyevu huo unavyofanya kazi: kuvumwani zinazoning'inia kama ndevu na kuvu juu ya matawi ya mkulo, mti wenye harufu ya kafuri, ua dogo jekundu lenye ncha ya njano, Impatiens kilimanjari, lisilootea porini mahali pengine ila katika mlima huu, vijito vinavyotokea chini ya mizizi na kupotea tena. Alieleza kwamba minde hupenda sehemu kama hizi, zenye uoto mzito wa chini na maji karibu, hasa kati ya mita 1,300 na 2,700, ingawa katika mlima huu ameripotiwa pia juu zaidi ya hapo. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya njia ya Marangu kabla ya Mandara inapita katikati ya makazi yake, na maelfu ya watu huipita kila mwaka wakiwa wanawaza barafu ya juu.

Kilichonifanya nimwamini ni namna alivyoshughulikia kinyesi. Tulikuta rundo la vidonge vya kinyesi kando ya njia, na mmoja wetu akauliza kwa shauku kama ni vya minde. Mwongozaji aliinama, akavitazama kwa muda, akajibu: "Mwalimu, nikikwambia ni vya minde nitakuwa nakuuzia maneno. Funo anapita hapa, pongo naye anapita hapa. Ninachoweza kukwambia ni kwamba ni vya usiku wa kuamkia leo." Jibu hilo ni sahihi kuliko lilivyoonekana kwa wenzangu wakati ule. Huko Udzungwa watafiti waliokusanya kinyesi cha swala wa msituni ililazimu wapime vinasaba ili kujua ni cha spishi ipi, kwa kuwa umbo na ukubwa havitoshi kuwatenganisha. Mwongozaji asiyejua hivyo angetufurahisha kwa kusema ndiyo, na tungerudi Arusha tukiwasimulia wanafunzi jambo lisilo na uhakika.

Mandara tulilala katika vibanda vya mbao. Chakula kilikuwa kizuri. Machalari ya moto (ndizi zilizopikwa na nyama) katika baridi ile yalitosha kumrudishia mtu nguvu, na uji wa asubuhi haukuchelewa. Mbega walikuwa juu ya miti iliyo karibu na vibanda kabla ya jua kuzama, na usiku perere walilia kwa ile sauti yao ya kukwaruza inayopanda ngazi kwa ngazi, ambayo asiyeijua hushtuka. Hakukuwa na matembezi ya usiku, na ni sawa kabisa: kanuni za hifadhi haziruhusu watu kurandaranda msituni gizani, na chui yupo. Ninawasihi wateja wasiwashinikize waongozaji kuwatoa nje ya njia kwa tamaa ya kumwona mnyama.

Badala ya hayo, baada ya chakula mwongozaji alitandaza mezani ramani ya Tanzania iliyochorwa kwa mkono na kufunikwa kwa nailoni, na kwa muda wa saa nzima alitueleza mtawanyiko wa minde. Hapa ndipo ningependa kuchelewa kidogo, maana katika huduma nzima hakuna kipindi kilichokuwa na thamani zaidi. Aliweka punje ya mahindi kila mahali ambapo mnyama huyu amethibitishwa. Ya kwanza ilikaa Kilimanjaro, peke yake kaskazini. Nyingine zilikwenda mbali kusini na mashariki: Uluguru, juu ya Morogoro, Rubeho, Udzungwa, ambako amefanyiwa utafiti kuliko kwingine na ambako huteremka hadi misitu ya chini zaidi, kisha Nyanda za Juu Kusini, Mlima Rungwe na milima ya Livingstone karibu na Kitulo, makazi yaleyale ambamo tumbili aitwaye kipunji aligunduliwa na wanasayansi miaka ya 2000. Usambara, ambako alijulikana zamani, hakuiwekea punje. Alisema ni muda mrefu haujapatikana uthibitisho wa kuridhisha kutoka huko.

Ukitazama ramani ile unaelewa tatizo bila kuelezwa. Kati ya punje moja na nyingine kuna nyika kavu, mashamba ya mkonge, barabara kuu, miji na reli. Minde ni mnyama wa kivuli na unyevu. Hawezi kutoka Uluguru akavuka Mkomazi na Same hadi kufika Marangu. Kila mlima una minde wake, na mlima ukiwapoteza hakuna wengine watakaokuja kujaza pengo. Minde wa Kilimanjaro ndio waliotengwa zaidi, kwa sababu jirani zao wa karibu wako mamia ya kilomita mbali, na kwa sababu msitu wao umebanwa kotekote: chini na vihamba vya migomba na kahawa, juu na nyika ya vichaka na baridi. Mwenzangu mmoja aliuliza kuhusu Mlima Meru, ulio karibu zaidi nasi. Mwongozaji alijibu kwamba msitu wa Meru una funo na pongo, lakini yeye haweki punje mahali ambapo hajaona ushahidi. Nilipenda uangalifu huo.

Kwa wanafunzi wa jiografia na baiolojia, saa hiyo moja inazidi vipindi vingi vya darasani, na ombi langu kwa kikundi ni kwamba ramani ile ichapishwe vizuri na kila mteja apewe nakala.

Asubuhi tulipanda Maundi, mwendo mfupi kutoka vibandani. Mawingu yalipofunguka tuliona upande wa Kenya na tambarare ya Taveta, na juu yetu kilele cha Mawenzi. Mwongozaji alitumia kimo hicho kuzungumzia moto. Mwezi Oktoba 2020 moto ulizuka katika eneo la Whona, kati ya Mandara na vibanda vya Horombo vilivyo juu yake, ukaenea kwa siku kadhaa na kuteketeza sehemu kubwa ya nyika ya juu, huku askari wa hifadhi, wanavijiji, wanafunzi na wagumu wakiupiga kwa matawi na majembe. Yeye alikuwa miongoni mwao. Moto wa kujirudia hauunguzi nyasi tu. Huusukuma chini mstari wa juu wa msitu, na msitu ule wa juu ndio unaonasa ukungu na kuugeuza maji ya mifereji ya Wachaga na ya mito inayoelekea Pangani. Minde hupoteza kivuli, na Moshi hupoteza maji, kwa moto uleule. Alilisema bila kupandisha sauti, lakini ilikuwa wazi kwamba linamuumiza.

Sehemu ya mwisho, ya vijijini, ndiyo iliyonigusa zaidi na ndiyo yenye kasoro nyingi. Wazo lake ni zuri sana. Mteja hupelekwa kwenye mpaka wa msitu na kuelezwa historia yake: kwamba mwaka 1941 lilitengwa eneo jembamba la upana wa nusu maili chini ya hifadhi ya msitu ili wenyeji wapate kuni, majani ya ng'ombe na mbao za ujenzi, kwamba Hifadhi ya Taifa iliyotangazwa mwaka 1973 ilianzia juu, kwenye mita 2,700, hivyo kwa zaidi ya miaka 30 msitu wenyewe, yaani makazi makuu ya minde, ulikuwa nje yake, kwamba uchunguzi uliofanywa kutoka angani mwaka 2001 ulionyesha ukataji haramu mkubwa wa miti, hasa mikulo, na kwamba mwaka 2005 msitu wote ulijumuishwa katika hifadhi. Kwa minde hiyo ilikuwa nafuu. Kwa mama anayefuga ng'ombe zizini na kihamba chake ni cha robo eka, ilimaanisha kutafuta majani mahali pengine, na kikundi hakikulificha jambo hilo.

Tulikaribishwa na mzee mmoja ambaye ujanani alitega mitego. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuhakikisha kila mmoja amepata ndizi, alitueleza kwa utulivu namna kitanzi cha waya wa breki ya baiskeli kinavyofungwa kwenye mti mchanga uliopindwa. "Mwanangu, mtego haumjui mnyama," aliniambia. "Unamtegea pongo, unamkuta minde. Unamtegea funo, unamkuta mbwa wa jirani. Na usiporudi siku tatu, unakuta harufu." Maelezo yake yanalingana na yanayosemwa na wahifadhi katika milima yote anakoishi mnyama huyu: mitego ya waya na uwindaji kwa mbwa ni miongoni mwa maadui zake wakubwa, sambamba na kupungua kwa msitu. Minde huzaa mtoto mmoja kwa wakati, na mahali penye idadi ndogo mitego michache kwa mwaka inatosha kuumaliza uzao. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza jambo hili waziwazi, lakini mzee alisema kilichomwachisha yeye si sheria. Ni wajukuu wake kupata kazi ya ugumu mlimani, nyama ya dukani ikawa haina maelezo marefu.

Kasoro ni hizi. Kwanza, ziara hii ya kijijini ilibanwa katika saa mbili, kwa sababu gari lililokodiwa na kikundi kuturudisha Moshi lilikuwa na abiria wengine jioni hiyo na dereva alikuwa akitupigia honi tukiwa bado tunamsikiliza mzee. Ni utovu wa adabu mbele ya mtu wa umri ule, na wateja tulitahayari kwa kosa lisilo letu. Pili, tangazo linasema sehemu ya malipo huenda kwa vijana wa kijiji wanaosaidiana na askari wa hifadhi kuondoa mitego. Nilipouliza ni kiasi gani, nilipewa majibu mawili tofauti na watu wawili wa kikundi kilekile, na hakukuwa na daftari wala stakabadhi ya kunionyesha. Sisemi kwamba fedha hazifiki. Nasema kwamba mteja aliyelipa kwa sababu ya minde ana haki ya kuona maandishi, hasa kwa kuwa ada za hifadhi zenyewe hulipwa kwa kumbukumbu namba ya serikali na kila senti ina risiti. Tatu, mzee hakupewa chochote mbele yetu isipokuwa shukrani. Sisi wateja tulichangishana wenyewe. Ujuzi wake ni sehemu ya bidhaa inayouzwa, na uingizwe katika bei.

Kuhusu bei, Mtanzania analipa ada ya hifadhi ya mwananchi, ambayo ni ndogo mno ikilinganishwa na ya mgeni, kisha analipa kikundi kwa ajili ya mwongozaji, wapishi, wagumu, chakula na gari. Kwa tulichopata naona ni haki. Mavazi ya mvua kikundi hakitoi, na Marangu kunanyesha hata katika miezi ambayo Arusha ni vumbi tupu, basi kila mtu abebe koti lake na viatu visivyoteleza. Anayetaka kupiga picha za wanyama wakubwa kwa wingi atafute huduma nyingine. Anayetaka kuujua msitu unaomnywesha maji, na kumjua mnyama wa nchi yake ambaye yuko karibu naye kuliko anavyodhani, sijaona huduma nyingine katika mikoa hii miwili inayolifanya jambo hilo kwa uaminifu kama huu.

Jambo moja zaidi linahusu ukubwa wa kundi. Siku yetu tulikutana njiani na kundi jingine, si la waongozaji hawa, lililokuwa likipanda huku spika ikipiga muziki, na kwa karibu nusu saa baada ya wao kupita hatukusikia hata kima. Mwongozaji wetu alitukalisha chini tukasubiri hadi msitu uliporudia sauti zake. Kikundi hiki hupokea hadi watu 15 kwa safari moja, na kwa kazi ya kusoma nyayo na kusikiliza, idadi hiyo ni kubwa mno.

Nimewaandikia mambo hayo yote kwa barua, na wamejibu kwa heshima. Picha ya ayala wamekwisha kuiondoa katika tangazo la simu, ingawa karatasi zilizochapishwa bado zinagawiwa. Wamekubali kuongeza nusu siku kijijini kwa makundi ya shule na kumlipa mzee posho inayoandikwa. Daftari la fedha za mitego bado sijaonyeshwa. Tumeweka nafasi ya kidato cha tatu kwa mwezi Agosti, wanafunzi 24 watakaogawanywa katika safari tatu, na malipo ya mwisho tutayatoa siku tutakapoliona daftari hilo.